Kobe Wangu Alipokataa Kula

Siku nilipomweka Jiwe juu ya mizani ya jikoni, ilionyesha gramu 1,268. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa na gramu 1,412, na tarakimu hizo mbili ndizo pekee zilizoandikwa katika daftari ambalo nilijiahidi kulijaza kila wiki. Alikuwa amepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake mbele ya macho yangu, nami sikuona, kwa sababu gamba halikondi. Mbwa akikonda mbavu hujitokeza, na ng'ombe akikonda nyonga huchomoza, lakini kobe hubaki na umbo lile lile hata pale ambapo ndani amebaki mtupu, na mwenye kumfuga hujifariji kwamba mnyama yu salama kwa kuwa jana alikuwa hivyo na juzi alikuwa hivyo.

Jiwe ni dume wa aina ya Stigmochelys pardalis, wale wenye madoa meusi juu ya gamba la manjano, na wakati huo alikuwa bado kijana. Hakuacha kula siku moja. Alianza kwa kubakiza nusu ya nyasi zake, kisha akawa anakuja mpaka kwenye sahani, ananusa, anafumba macho na kugeuka, na mwishowe akawa hatoki kabisa kwenye kona yake mpaka mchana. Mabadiliko hayo yalichukua wiki tano, na taratibu hiyo ndiyo iliyonipumbaza. Kobe mkubwa mwenye afya aweza kukaa wiki kadhaa bila kula asife, na uwezo huo, ambao huko porini humwokoa nyakati za ukame, ndani ya nyumba humpa mfugaji muda mrefu mno wa kujidanganya.

Nilijidanganya kwa njia tatu. Kwanza nilikilaumu chakula. Nikamkatia nyanya, nikamkatia tikiti, na alipoing'ata nyanya mara mbili nilifurahi mno, nikaendelea kumpa matunda kwa siku nne mfululizo. Sikujua kwamba kobe wa aina hii ni mla nyasi, na kwamba kazi kubwa ya kumeng'enya chakula chake hufanywa na vijidudu vinavyoishi katika utumbo mpana, ambavyo huvunjavunja nyuzinyuzi za majani polepole. Sukari ya matunda huwavuruga wakazi hao. Siku ya tano kinyesi chake kilikuwa maji maji yenye harufu kali, naye akawa hataki hata hiyo nyanya.

Njia ya pili ilikuwa ushauri wa ndugu mmoja aliyewahi kufuga kobe wa aina ya Testudo hermanni. Aliniambia nisihangaike, kwa kuwa Jiwe alikuwa anajiandaa kulala usingizi wa majira ya baridi, na kwamba kobe anayejiandaa kulala huacha kula mwenyewe. Alisema kweli kuhusu kobe wake. Testudo hermanni hulala hivyo kila mwaka, lakini aina ya Jiwe hailali usingizi huo, na kobe wa namna yake akiachwa apoe kwa miezi hapumziki, huwa anadhoofika tu. Nilipokea maneno ya ndugu yangu kwa moyo mweupe kwa sababu yalinipa ruhusa ya kutofanya lolote.

Njia ya tatu ndiyo inayoniuma hadi leo. Nilisaga majani mpaka yakawa uji, nikauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikamshika Jiwe kichwa na kujaribu kumfungua mdomo kwa nguvu. Alikivuta kichwa ndani, nami nikamvizia akitoe. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku mbili, na siku ya pili, hatua zangu zilipokaribia tu, alikuwa tayari amejifungia ndani ya gamba. Baadaye nilielezwa kwamba tundu la kupitishia hewa la kobe liko pale kwenye shina la ulimi, hivyo uji unaomiminwa na mtu asiyejua waweza kuingia mapafuni. Nilielezwa pia kwamba hata kama ungefika tumboni salama, ungekuta utumbo uliopoa na kukauka, usioweza kuusukuma wala kuumeng'enya, na chakula kinacholala ndani ya utumbo wa namna hiyo huchacha na kuoza.

Baada ya hapo ndipo nilipompima uzito, na baada ya kuiona ile 1,268 ndipo nilipompeleka kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za majani na matunda. Swali lake la kwanza halikuhusu chakula.

"Pale anapolala pana joto kiasi gani?"

"Nyuzi 27, daktari."

"Umepimia wapi?"

Nikamwambia kipimajoto kimetundikwa ukutani, usawa wa kifua changu. Hakunikemea. Alisema tu, "Nenda ukakilaze chini, pale pale tumbo lake linapogusa, usome asubuhi kabla hajaamka, usome na mchana. Kisha unipigie."

Nilifanya hivyo. Saa moja asubuhi sakafu ilikuwa na nyuzi 17, na mchana ilifika 22. Chini ya taa ya joto, ambayo niliamini ndiyo jua lake, palikuwa na nyuzi 26, kwa kuwa nilikuwa nimeitundika juu kupita kiasi kwa kuogopa isimuunguze. Nyuzi 27 za ukutani zilikuwa hewa yangu mimi niliyekuwa nimesimama, wala hazikuwa hewa ya mnyama anayeishi sentimita chache kutoka ardhini.

Kobe hatengenezi joto la mwili wake. Analichukua kutoka nje, na kila kinachofanyika ndani yake, kuanzia mapigo ya moyo mpaka kazi ya wale vijidudu wa utumboni, huenda kwa kasi ambayo joto hilo linairuhusu. Aliyepoa hukataa chakula kwa sababu mwili wake hauna namna ya kukishughulikia, na kwa maana hiyo Jiwe alikuwa na akili kuliko mimi niliyekuwa nikimlazimisha. Daktari alinitaka nipate nyuzi 32 hadi 35 mahali pa kuotea, na nyuzi 24 hadi 26 upande wa pili wa banda, ili mnyama mwenyewe atembee kutafuta joto analolihitaji kwa saa ile. Alisisitiza upande wa pili kama alivyosisitiza ule wa taa, kwa kuwa banda lililo moto kote humkausha kobe asiyekuwa na pa kukimbilia.

Kulikuwa na taa nyingine, ile ya mionzi ya urujuanimno, na hapo nilijitetea kwamba ipo na inawaka. Iliwaka kweli, lakini ilikuwa na zaidi ya miaka miwili. Nuru inayoonekana kwa macho hubaki hata baada ya mionzi yenyewe kufifia, na kulingana na aina yake taa hizo huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Nilikuwa pia nimeliweka banda karibu na dirisha lililofungwa ili apate jua la asubuhi, bila kujua kwamba kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ambayo kobe anaihitaji. Mionzi hiyo ndiyo inayoiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haifyonzwi ipasavyo. Wengi wetu tukisikia kalsiamu tunafikiria gamba na mifupa tu. Misuli nayo inaihitaji, pamoja na misuli ya taya na ya utumbo, hivyo kobe aliyepungukiwa huweza kukaa na jani mbele yake asiwe na nguvu ya kulikata.

Suala la maji ningeweza kulizungumza kutwa. Niliweka bakuli la maji kila siku, nikahesabu kwamba hapo nimemaliza wajibu wangu, ilhali sikumbuki kumwona akinywa. Daktari aliniuliza mkojo wake unafananaje. Kobe hutoa mabaki ya mwili wake kwa sehemu kubwa kama asidi ya yuriki, ule urojo mweupe unaotoka pamoja na mkojo, na urojo huo ukiwa laini ni ishara kwamba maji yanatosha. Wa Jiwe ulikuwa na chembechembe kama mchanga, na kwa siku nyingi haukutoka kabisa. Niliagizwa nimlowanishe kila siku katika beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni lakini yasiyofika puani, kwa dakika 20 hadi 30, nikiongeza maji ya moto kidogo kidogo yasipoe, kisha nimkaushe na kumrudisha chini ya taa. Aliniagiza kwa mkazo kwamba katika siku hizo nisimlishe kwa nguvu. Kwanza joto, kisha maji, na chakula kingekuja chenyewe. Na kama kisingekuja, kazi ya kumlisha kwa mpira ingekuwa yake yeye daktari.

Siku ya kwanza Jiwe alikaa ndani ya beseni kama jina lake. Siku ya pili alitumbukiza kichwa, nikaona koo likipanda na kushuka, akanywa kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuingiwa na hofu. Siku ya nne maji yote yaligeuka meupe ghafla, mazito kama chokaa iliyokorogwa, na chini ya beseni nikakuta chembe ngumu ambazo ningeweza kuziokota kwa vidole. Nilikaa pale sakafuni nikiziangalia. Mnyama aliyekuwa amebeba vitu hivyo ndani yake ndiye niliyekuwa nikimbembeleza kwa tikiti.

Siku ya tisa aliamka kabla sijamwamsha, akaenda mwenyewe chini ya taa, na baada ya saa moja akaenda kwenye sahani na kung'ata ua la manjano la mchunga. Kobe huvutiwa na rangi nyekundu na manjano, na nilikuwa nimeweka maua juu ya nyasi kwa sababu hiyo, nikiwa nimeyanyunyizia maji ili harufu itoke. Kesho yake alikula maua mawili na jani moja la haibiskasi, na baada ya wiki alikuwa amerudi kwenye nyasi. Niseme jambo moja kuhusu mizani, kwa kuwa nilishangilia mapema: gramu 60 alizoongeza katika siku tano za kwanza zilikuwa maji, wala hazikuwa nyama. Tangu hapo nampima asubuhi kabla ya kumlowanisha na kabla hajala, siku ile ile ya juma, na naamini uzito uliopimwa kwa mpangilio mmoja huniambia mengi kuliko jicho langu.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipoonekana mtu aliyejifunza. Lakini miaka mitatu baadaye Subira, jike mwenye kilo 6 na zaidi niliyemchukua akiwa tayari mkubwa, naye aliacha kula, nami nikamkosea kwa kutumia yale yale niliyofundishwa.

Nilipima sakafu: nyuzi 33 chini ya taa, 25 upande wa pili. Taa ya mionzi ilikuwa na miezi minne. Nilimlowanisha, akanywa, na urojo wake ulikuwa laini kabisa. Kila nilichokijua kilikuwa sawa, nikahitimisha kwamba hakuna ubaya, basi nikasubiri. Nilisubiri siku 12. Katika daftari, ambalo sasa nililijaza kwa bidii, niliandika mara tatu kwamba "ana nguvu, anatembea sana", kana kwamba hiyo ni habari njema. Alikuwa akitembea kandokando ya ukuta tangu asubuhi hadi jioni, akipanda pembe za banda, akinusa ardhi, akichimba kidogo kwa miguu ya nyuma, akiacha na kuhamia pengine. Nililiona hilo kwa macho yangu na kuliandika kwa mkono wangu, lakini sikulisoma.

Daktari alilisoma kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Picha ya eksirei ilionyesha mayai tisa, meupe na ya duara, yamejipanga ndani yake. Nikamwambia kwamba Subira hajawahi kukaa na dume tangu aje kwangu. "Hata kuku hutaga bila jogoo," alinijibu. Mayai ya namna hiyo hayaanguliwi, lakini lazima yatoke vilevile. Kobe jike anayekosa mahali panapomridhisha huweza kuyazuia, na yakikaa mno maganda huongezeka unene, yai laweza kupasuka ndani, na maambukizi hufuata. Nafasi ndani ya gamba ni ile ile siku zote, kwa hiyo mayai tisa yakikaa pamoja na utumbo, tumbo halibaki na pa kuweka chakula. Hamu ya kula ilikuwa imepotea kwa sababu iliyo wazi kabisa kwa anayejua pa kutazama.

Sakafu ya banda lake ilikuwa na udongo wa sentimita kumi tu. Kwa kuwa picha haikuonyesha yai lililovunjika wala lililo kubwa kupita njia ya nyonga, daktari alimpa kalsiamu na kunipa siku chache za kumwandalia mahali. Nilichanganya udongo na mchanga mpaka ukafika kina cha sentimita 40, nikaulowesha kiasi kwamba shimo likichimbwa kuta zake hazibomoki, nikaning'iniza taa juu yake, na kuzungushia ubao ili asijione yuko hadharani. Jioni ya tatu alisimama hapo, akaanza kuchimba kwa miguu ya nyuma, mguu mmoja baada ya mwingine, akilainisha udongo kwa mkojo wake. Nilizima taa ya chumba nikaondoka, ijapokuwa nilitamani sana kubaki. Alitaga mayai sita. Picha ya pili ilionyesha matatu yaliyosalia, na hayo yalitoka kwa msaada wa sindano ya oksitosini aliyochomwa na daktari. Asubuhi iliyofuata Subira alikula jani zima la mpungate pamoja na nyasi za kutosha kobe wawili.

Tangu siku hizo nimeacha kabisa kusubiri bila sababu niliyoithibitisha. Joto na maji huvikagua siku ile ile ninapoona chakula kimebaki, na vikiwa sawa, kobe mkubwa simpi zaidi ya wiki moja kabla ya kumpeleka kwa daktari. Mtoto wa kobe simpi zaidi ya siku mbili. Kuna mambo ambayo siyapi hata siku moja: mapovu au kamasi puani, kupumua kwa mdomo wazi huku shingo imenyooshwa, macho yaliyovimba, utando wa manjano ndani ya mdomo (mdomo wenye afya huwa na rangi ya waridi), kujikamua bila kutoa kitu, au miguu ya nyuma inayoburutwa. Kwa upande mwingine Jiwe, ambaye sasa ni dume kamili, hupunguza kula kwa wiki moja au mbili kila anapopandwa na hamu ya jike, na kwa kuwa mizani haitikisiki, simsumbui. Bila daftari nisingeweza kuitofautisha hali hiyo na ugonjwa.

Kobe wa tatu alikuja akiwa na gramu 310, ameachwa na watu waliohama, na pamoja naye nilikabidhiwa chupa ya dawa ya minyoo ya mifugo kwa nia njema kabisa. Nilimtenga katika chumba kingine kwa miezi 6, kwa kuwa kobe mgeni huweza kubeba vimelea na maradhi ya njia ya hewa yasiyoonekana, na nilipeleka kinyesi chake kikapimwe kabla ya kumpa chochote. Kilijaa mayai ya minyoo. Daktari aliisoma ile chupa, akaitenga mbali na mkono wangu: ilikuwa na ivamektini, dawa ambayo ng'ombe na mbuzi huitumia salama, lakini kobe humpoozesha na kumuua. Nawaomba wote wanaofuga kobe walishike hilo hata kama watasahau mengine yote niliyoyaandika. Daktari alionya pia dhidi ya sindano za vitamini A zinazochomwa kwa kubahatisha kila kobe anapokosa hamu, kwa kuwa zikizidi ngozi hubambuka. Mgeni wetu alipewa dawa nyingine iliyopimwa kulingana na uzito wake, ikarudiwa baada ya wiki mbili, na akaanza kula.

Alipomaliza miezi yake nilimhamishia kwenye banda lililopakana na la Jiwe, likiwa limetenganishwa kwa wavu wa waya. Akaacha kula tena. Nilipima joto, nikamlowanisha, nikapeleka kinyesi, na kila kitu kilikuwa sawa. Safari hii sikusubiri wala sikubuni. Nilichukua kigoda nikakaa pembeni asubuhi nzima nikitazama. Jiwe alikuwa amesimama upande wake wa wavu, shingo imenyooshwa, akimkazia macho yule mdogo, na kila mdogo alipopiga hatua kuelekea kwenye sahani yake, Jiwe aligonga wavu kwa gamba. Hakuweza kumgusa, lakini alikuwa anamfukuza kwa macho. Mchana huo nilipigilia ubao juu ya wavu, kutoka chini mpaka kimo ambacho hakuna kati yao angeweza kuona ng'ambo. Siku ya tatu mdogo alitoka kwenye kona yake, akasimama kitambo karibu na ubao, akasikiliza, kisha akala nusu ya jani la mpungate, na siku iliyofuata akalimaliza.